Santuri za jazz za Stockholm: mali yenye daftari

Tarehe 15 Septemba mwaka 1953, vijana watatu wa Kimarekani walirekodi muziki mjini Stockholm kinyume cha amri ya mwajiri wao. Wawili kati yao, Clifford Brown na Art Farmer, walikuwa wapuliza tarumbeta. Wa tatu, Quincy Jones, alikuwa na umri wa miaka 20, na ndiye aliyepanga muziki uliopigwa siku hiyo. Wote walikuwa katika bendi ya Lionel Hampton, iliyokuwa katika ziara ya Ulaya, na uongozi wa bendi ulikuwa umepiga marufuku wanamuziki wake kurekodi peke yao wakiwa safarini.

Wakishirikiana na wanamuziki wa Kiswidi, vijana hao walirekodi nyimbo nne. Mojawapo, iliyotungwa na Jones, iliitwa Stockholm Sweetnin'. Haikupita hata miaka mitatu, Brown akafariki dunia katika ajali ya gari nchini Marekani, Juni 1956, akiwa na umri wa miaka 25. Muda aliopata wa kurekodi ulikuwa mfupi mno, na ndiyo maana kazi ya siku moja mjini Stockholm inahesabiwa miongoni mwa amana alizoacha.

Jambo la kustaajabisha si kwamba santuri hiyo ipo. Ni kwamba kila kitu kuihusu kinajulikana: kwamba piano ilipigwa na Bengt Hallberg, saksafoni ya sauti nzito na Lars Gullin, tromboni na Åke Persson, na kwamba kiongozi wa Waswidi hao alikuwa Arne Domnérus. Tarehe inajulikana, mji unajulikana, hata mpangilio wa nyimbo unajulikana. Habari hizo hazikujihifadhi zenyewe. Ziliandikwa na watu waliokuwa wakiupenda muziki huo kiasi cha kuuwekea kumbukumbu, na wengi wao hawakuwa wanamuziki wala wasomi wa muziki. Walikuwa wakusanyaji wa santuri.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Historia ya wapenzi wa jazz mjini Stockholm ni historia ya watu walioshika daftari.

Muziki uliovuka bahari

Jazz ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, mbali sana na kaskazini ya Ulaya. Iliwafikia Waswidi kwa njia mbili: wanamuziki waliosafiri na santuri zilizouzwa. Kwa watu wengi, santuri ilitangulia. Aliyekuwa akiishi Stockholm mwanzoni mwa miaka ya 1930 angeweza kumfahamu Louis Armstrong kwa sauti yake na tarumbeta yake miaka kadhaa kabla ya kumwona.

Armstrong alifika Stockholm mwezi Oktoba 1933, na sehemu ya muziki alioupiga huko na kutangazwa redioni imehifadhiwa hadi leo. Mwaka huohuo lilianzishwa jarida la Orkesterjournalen, ambalo ni miongoni mwa majarida ya kwanza kabisa duniani yaliyojishughulisha na jazz. Mwaka 1939 Duke Ellington alisherehekea miaka 40 ya kuzaliwa kwake akiwa Stockholm, na safari hiyo ikazaa wimbo alioutoa kwa heshima ya Sweden.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, Sweden haikushiriki. Kumbi za dansi ziliendelea kufunguliwa, na bendi za Kiswidi ziliendelea kurekodi. Ukumbi uliokuwa na sifa kubwa zaidi ni Nalen, katika barabara ya Regeringsgatan, ambao kuanzia mwaka 1934 uliendeshwa na Gustaf Lindblom, maarufu kwa jina la Topsy, aliyekuwa bingwa wa mruko wa hatua tatu katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912. Vijana walikwenda hapo kucheza dansi, na pembeni mwao walisimama wengine ambao hawakucheza: walikuja kusikiliza tu. Nalen ulifungwa mwaka 1967 na kuwa mahali pa ibada pa jumuiya ya Kipentekoste, kisha ukarejea kuwa ukumbi wa muziki mwaka 1998.

Wimbo uliobadilishwa jina

Baada ya vita, Wamarekani walianza kumiminika. Charlie Parker, mpuliza saksafoni aliyebadili mkondo wa jazz, alizunguka miji ya Sweden mwezi Novemba 1950, na baadhi ya rekodi za ziara hiyo zimebaki. Mwezi Machi mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Stan Getz, mpuliza saksafoni mwingine, ambaye alirekodi Stockholm kwa ajili ya kampuni changa ya Kiswidi iliyoitwa Metronome, iliyoanzishwa mwaka 1949.

Miongoni mwa nyimbo alizorekodi Getz ni wimbo wa kienyeji unaojulikana kwa kila Mswidi, Ack Värmeland, du sköna. Kwenye piano alikuwapo Bengt Hallberg, ambaye alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Wimbo huo unausifu mkoa wa Värmland, ulioko magharibi ya nchi, mpakani na Norway. Lakini uliposafiri kwenda Marekani ulipewa jina jipya, Dear Old Stockholm, na kwa jina hilo ukaenea duniani. Miles Davis aliurekodi mwaka 1952, akaurudia mwaka 1956 akiwa na John Coltrane katika bendi yake, na Coltrane mwenyewe akaurekodi tena mwaka 1963.

Hivyo msikilizaji wa Nairobi au New York anaweza kuupenda wimbo huo maisha yake yote akidhani unausifu mji mkuu wa Sweden, ilhali asili yake inasifu milima na misitu iliyo mamia ya kilomita kutoka huko. Mfano huu mdogo unaonyesha kazi ya mkusanyaji wa santuri. Lebo ya santuri husema sehemu tu ya ukweli, na pengine hupotosha. Lazima awepo mtu wa kuuliza: wimbo huu ulitoka wapi, nani aliupiga kwanza, na wa pili aliusikia kutoka kwa nani?

Santuri ziliwafikisha Waswidi mbali vilevile. Lars Gullin, aliyezaliwa mwaka 1928 katika kisiwa cha Gotland, alishinda mwaka 1954 kura ya wakosoaji wa jarida la Kimarekani la Down Beat katika kundi la nyota wapya, akiwa mwanamuziki wa kwanza wa Ulaya kupata heshima hiyo. Alikuwa akiishi na kufanya kazi Sweden. Wakosoaji wa Marekani walimjua kwa sababu santuri zake zilitolewa pia nchini mwao.

Anachokitafuta mkusanyaji

Kwa mtu asiyeshiriki mapenzi haya, mkusanyaji wa santuri huonekana mtu wa ajabu. Ana nakala tatu za wimbo uleule. Anaigeuza santuri mwangani kabla ya kuipiga. Anasoma kwa makini kile ambacho wengine hawakioni: namba ndogo zilizochorwa kwenye sahani yenyewe, karibu na lebo, mahali ambapo sindano inafikia mwisho wa safari yake.

Namba hizo zina maana. Katika enzi ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kila wimbo uliorekodiwa studioni ulipewa namba yake. Upande mmoja wa santuri hizo ulichukua muziki wa dakika tatu hivi tu. Mara nyingi wanamuziki walipiga wimbo mmoja mara mbili, tatu au zaidi, na kampuni ikachagua ule uliopendeza. Nyingine ziliwekwa kando, na pengine zilitolewa baada ya miaka mingi. Katika muziki wa kawaida hilo lisingekuwa na uzito mkubwa. Katika jazz ni jambo kubwa, kwa sababu mwanamuziki hutunga papo hapo. Marudio mawili ya wimbo mmoja, yaliyorekodiwa kwa kupishana dakika kumi, yanaweza kuwa na mawazo tofauti kabisa. Anayezisikiliza zote mbili anapata kujua jinsi mwanamuziki alivyokuwa akifikiri.

Kuanzia mwaka 1948 zilikuja santuri za muda mrefu, za mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata zikaja zile ndogo za mizunguko 45. Nyimbo za zamani zilianza kutolewa upya, na kila toleo jipya lilikuja na makosa mapya: tarehe zilikosewa, majina ya wanamuziki yaliachwa, hata kasi ya muziki ilibadilika.

Mfano unaojulikana zaidi ni Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959 na ambayo ni miongoni mwa santuri za jazz zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa na kasi kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine iliyorekodi haikuwa ikizunguka sawasawa. Kosa hilo lilisahihishwa miaka ya 1990. Kwa zaidi ya miaka 30, mwanafunzi wa piano aliyejaribu kufuatana na santuri hiyo alikuta sauti hazilingani, na huenda alikilaumu kinanda chake.

Ndiyo sababu mazungumzo ya wapenzi wa jazz, yanayoweza kuendelea hadi usiku wa manane, huanza na mambo yanayoonekana madogo: je, hii ni nakala ya kwanza au ya baadaye? Imechapwa wapi? Sauti ya besi inasikika vizuri zaidi katika ipi? Wapo wanaoshikilia kwamba santuri ya asili haina mfano. Wengine hujibu kwamba muziki ndio wenye thamani, na kwamba anayelipa fedha nyingi kwa sababu ya karatasi ya jalada amegeuka mfanyabiashara wa karatasi. Ubishi huo haujapata mshindi, na wanaoushiriki hawaelekei kutaka upate.

Swali kwa Coltrane

Kuna ubishi mwingine, ulio mzito zaidi, nao ni kuhusu maana ya muziki wenyewe. Stockholm ina ushahidi wake.

Tarehe 22 Machi 1960, bendi ya Miles Davis ilipiga maonyesho mawili katika Konserthuset, jumba kubwa la muziki la mji huo. Mpuliza saksafoni wa bendi alikuwa John Coltrane, aliyekuwa karibu kuondoka na kuunda kundi lake. Siku moja kabla, mjini Paris, baadhi ya wasikilizaji walikuwa wamemzomea. Muziki wake ulikuwa mrefu na wa sauti nyingi zilizobanana, na haukufanana na waliouzoea.

Jijini Stockholm, mtangazaji Carl-Erik Lindgren alimhoji Coltrane na kumuuliza kuhusu wakosoaji waliosema kwamba upigaji wake ulikuwa wa hasira. Coltrane alijibu kwa utulivu. Alieleza kwamba alikuwa akijaribu mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwamba alikuwa bado hajayapanga, na huenda ndiyo sababu watu walisikia hasira.

Mahojiano hayo ya dakika chache yamekuwa mali ya thamani kwa wapenzi wa jazz duniani kote, kwa kuwa yanamwonyesha mwanamuziki akiwa katikati ya njia, akikiri hivyo bila kujitetea. Rekodi za maonyesho ya Stockholm nazo zilizunguka kwa miongo kadhaa mikononi mwa wakusanyaji na kampuni ndogo, kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2018 na kampuni inayomiliki kazi za Davis. Coltrane alikuwa amefariki dunia mwaka 1967, na Davis mwaka 1991. Bila ya wale waliorekodi, waliohifadhi na waliokataa kusahau, kampuni hiyo isingekuwa na cha kutoa.

Usiku wa Gyllene Cirkeln

Miaka miwili baada ya ziara hiyo, mwaka 1962, ilifunguliwa klabu ya Gyllene Cirkeln, yaani Duara la Dhahabu, ndani ya jengo la chama cha elimu ya wafanyakazi, ABF, katika barabara ya Sveavägen. Haikudumu miaka mingi, lakini jina lake halitafutika.

Tarehe 3 na 4 Desemba 1965, kampuni ya Blue Note ya Marekani ilirekodi hapo maonyesho ya Ornette Coleman, akiwa na David Izenzon kwenye besi na Charles Moffett kwenye ngoma. Coleman alikuwa mwanamuziki aliyewagawa wasikilizaji. Baadhi walimwona mkombozi wa jazz kutoka katika kanuni zilizoibana, wengine walisema hajui kupiga. Alikuwa ametoka katika kipindi cha miaka miwili ya kutoonekana jukwaani. Santuri mbili zilizotokana na usiku huo zilitolewa mwaka 1966, zikiwa na picha ya watu watatu wamesimama kwenye theluji, kati ya miti.

Kwa mkusanyaji wa Stockholm, santuri hizo zina ladha ya pekee. Makofi yanayosikika baada ya kila wimbo ni makofi ya wakazi wa mji wake. Hawana majina na hawamo katika orodha ya wanamuziki, lakini wamo katika muziki. Walikuwa wasikilizaji waliokubali kukaa kimya mbele ya kitu ambacho huenda hawakukielewa bado.

Jazz kwa Kiswidi

Hata hivyo santuri ya jazz iliyo katika nyumba nyingi zaidi za Sweden haikupigwa na Mmarekani. Ni Jazz på svenska, yaani Jazz kwa Kiswidi, iliyorekodiwa kati ya mwaka 1962 na 1964. Wapigaji ni wawili tu: Jan Johansson kwenye piano na Georg Riedel kwenye besi. Walichukua nyimbo za kienyeji za Sweden, ambazo mababu walizipiga kwa fidla na kuziimba vijijini, wakazipiga polepole, kwa sauti chache, kama watu wawili wanaozungumza jioni bila haraka.

Santuri hiyo imeuzwa zaidi ya nakala 250,000, na hutajwa kuwa santuri ya jazz iliyouzwa zaidi katika historia ya nchi hiyo. Johansson, ambaye pia alitunga muziki wa filamu za mtoto Pippi Långstrump, alifariki dunia Novemba 1968 katika ajali ya barabarani, akiwa njiani kwenda kupiga muziki kanisani. Alikuwa na umri wa miaka 37. Riedel aliendelea kupiga na kutunga hadi uzeeni, akafariki dunia mwaka 2024.

Kwa wengi waliozaliwa baada ya miaka ya 1960, Jazz på svenska ilikuwa mlango. Waliikuta nyumbani, miongoni mwa santuri za wazazi wao. Na hapo panaonekana nguvu nyingine ya santuri: ni urithi unaoshikika. Mtoto anaweza kuuliza nani huyu kwenye jalada, na mzazi akajibu.

Walioshika daftari

Tangu zamani, Orkesterjournalen haikuwa jarida la habari tu. Ilikuwa baraza. Wasomaji waliandika kusahihisha tarehe, kubishana na wahakiki na kuuliza nani alipiga katika santuri fulani. Kuanzia miaka ya 1950, wasomaji hao walipewa kura ya kuchagua santuri bora ya jazz ya Kiswidi ya mwaka, nayo hupewa tuzo ya Gyllene skivan, yaani Santuri ya Dhahabu.

Kutokana na baraza hilo ilikuja kazi ya Harry Nicolausson, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo. Mwaka 1953 alichapisha kitabu cha orodha ya santuri za jazz za Kiswidi, na mwaka 1983 akatoa kingine, kikubwa zaidi. Vitabu vya namna hiyo havina hadithi. Kila ukurasa umejaa majina, ala, tarehe, miji, namba za santuri. Msomaji wa kawaida angevifunga baada ya dakika mbili. Lakini mtu anayetaka kujua Lars Gullin alirekodi na nani mwezi fulani wa mwaka 1951 ataona humo kwamba kuna aliyemtangulia kuuliza, akatafuta jibu, akaliandika.

Elimu hii ya kuorodhesha santuri ilianza rasmi miaka ya 1930, hasa kwa kitabu cha Mfaransa Charles Delaunay kilichotoka mwaka 1936. Inafaa kukumbukwa kwamba waanzilishi wake hawakutoka vyuo vikuu. Vyuo vikuu wakati huo havikuiona jazz kuwa kitu cha kusomewa. Mashabiki ndio waliokiona kwanza.

Dola ilifuata baadaye. Mwaka 1979, sheria ya Sweden iliyolazimisha machapisho kuwekwa katika hifadhi ya taifa ilianza kuhusu pia sauti zilizorekodiwa na matangazo ya redio na televisheni, na leo kazi hiyo iko chini ya Maktaba ya Kifalme mjini Stockholm. Mwaka huohuo kampuni ya Caprice, ya taasisi ya umma ya muziki, ilianza kutoa mfululizo wa santuri za historia ya jazz ya Kiswidi tangu mwanzo wake. Mwaka 1981 hifadhi ya nyimbo za jadi, Svenskt visarkiv, ilifungua idara ya jazz. Taasisi hizo zilipoanza kazi, zilikuta nyumba imekwisha kuwekewa msingi. Wakusanyaji walikuwa na santuri. Orodha zilikuwapo. Kilichobaki ni kupanga na kulinda.

Jazz nyingine, daftari jingine

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno jazz lina maana yake ya nyumbani. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, mwaka mmoja kabla ya Armstrong kufika Stockholm. Zilifuata Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na Nuta Jazz, na ng'ambo ya ziwa, mjini Kinshasa, OK Jazz ya mwaka 1956. Muziki wao haukuwa ule wa Charlie Parker. Ulikuwa muziki wa dansi wa magitaa na ala za kupuliza, wenye damu ya rumba na ngoma za nyumbani. Lakini walichofanya kwa neno hilo hakina tofauti kubwa na alichofanya Jan Johansson: walipokea kitu kutoka ng'ambo, wakakipiga kwa lugha yao.

Tofauti iko kwenye daftari. Lebo za santuri nyingi za dansi zilizouzwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zilitaja jina la wimbo na la bendi, mara nyingine na la mtunzi. Aliyepiga gitaa la solo, aliyeimba sauti ya pili, aliyepuliza saksafoni, hawakutajwa. Tarehe haikuandikwa. Kiasi kikubwa cha muziki wa Tanzania kilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikupata kutolewa kwa santuri. Kanda nazo huzeeka. Joto na unyevunyevu huzila, na mashine za kuzipigia huwa adimu kila mwaka unaopita.

Mwezi Januari 1979, mwaka uleule Sweden ilipoanza kuhifadhi sauti kwa sheria, Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Alikuwa mpiga gitaa na mtunzi aliyekuzwa na Morogoro Jazz kabla ya kuongoza Super Volcano, na nyimbo zake zingali zikipigwa majumbani na redioni. Wapo mashabiki wanaoweza kusema, kwa kusikia gitaa peke yake, kama wimbo ni wa enzi ya Morogoro au ya Volcano, na ni nani walioitikia. Elimu hiyo ni sawa kabisa na ile ya Nicolausson. Ila sehemu yake kubwa imo vichwani mwa wazee, na kichwa cha mzee hakina nakala ya pili.

Kuna uzi unaoziunganisha hadithi hizi mbili. Caprice, kampuni ileile iliyotoa historia ya jazz ya Kiswidi, katika miaka ya 1990 ilianza kutoa mfululizo wa muziki wa Tanzania na Zanzibar. Kwa Mtanzania anayeishi Stockholm, na wapo wengi, si ajabu kukuta sauti za kwao katika hifadhi ya Sweden, zimeandikiwa majina ya wapigaji. Ni jambo la kushukuru. Pia ni jambo la kufikirisha, kwa kuwa ushahidi wa usiku wa Magomeni au Ng'ambo haupaswi kutafutwa ng'ambo peke yake.

Funzo la Stockholm halihitaji fedha nyingi. Mashabiki wa huko hawakungojea idara ifunguliwe. Walianza na santuri waliyokuwa nayo mkononi, wakamtafuta mwanamuziki angali hai, wakamuuliza: ulikuwa wewe? Mlikuwa wangapi? Ilikuwa lini? Kisha wakaandika. Swali kama hilo linaweza kuulizwa leo Tanga, Kisumu, Bujumbura au Muscat, kwa mzee mmoja na daftari moja la shule.

Bengt Hallberg, kijana wa miaka 18 aliyempigia Stan Getz piano mwaka 1951, aliishi hadi mwaka 2013. Kwa zaidi ya miaka 60 alikuwapo wa kuulizwa, na aliulizwa. Quincy Jones alifariki dunia Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 91. Siku hiyo, kokote duniani, mpenzi wa jazz aliyetaka kumkumbuka kwa kupiga Stockholm Sweetnin' aliweza kusoma kwenye jalada majina ya wote waliokuwa naye chumbani.